Nguo za Kila Siku katika Akiba ya Chuo cha Smith

Mwaka 2023 wachapaji Rizzoli wa New York walitoa kitabu kikubwa cha picha na maelezo, jina lake Real Clothes, Real Lives, ambalo kwa lugha yetu laweza kufasiriwa Nguo za Kweli, Maisha ya Kweli. Mtungaji wake ni Bibi Kiki Smith, aliyefundisha kwa miaka mingi elimu ya mavazi ya michezo ya kuigiza katika Chuo cha Smith, mjini Northampton, jimbo la Massachusetts, Marekani. (Msomaji asimchanganye na mchonga sanamu mashuhuri mwenye jina hilohilo.) Mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba, baadhi ya nguo za akiba ya chuo zilichukuliwa zikaonyeshwa mjini New York katika jumba la kumbukumbu la New-York Historical, zikakaa huko mpaka Juni 2025. Sisi hatukufika New York. Tulicho nacho ni kitabu, pamoja na habari za maonyesho kama zilivyotangazwa. Basi hukumu yetu ni hukumu ya msomaji, si ya mtazamaji, na yeyote aliyeona kwa macho yake ana haki ya kutusahihisha.

Labda mtu atauliza, nguo za wanawake wa Massachusetts zina nini na kurasa hizi, ambazo kazi yake ni lugha na desturi za watu wetu? Jibu limo katika neno moja ambalo kila mzee wa pwani na wa bara alilijua: merikani. Nguo ile isiyopaushwa, ngumu, yenye kudumu, ilipewa jina la nchi iliyotoka, na sehemu kubwa yake ilitoka katika jimbo hilohilo la Massachusetts. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mapatano ya biashara na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts. Mwaka 1837 akafika Unguja balozi mdogo wa kwanza wa nchi ile, Richard Waters, mtu wa Salem. Na merikebu za Salem zikawa zikileta merikani na kuchukua pembe, sandarusi na ngozi. Merikani ikawa ndiyo fedha ya misafara. Watu walihesabu kwa shuka na doti na jora, shuka mikono minne, doti mikono minane, wakalipa kwa hizo hongo na vyakula na ujira wa wapagazi. Vita vya Wamarekani wao kwa wao, tangu 1861 mpaka 1865, ndivyo vilivyoikata biashara ile, na nguo za Uingereza na za Bombay zikaingia mahali pake. Walakini jina likabaki, hata nguo iliyofumwa kwingine ikaitwa merikani vilevile.

Salem iko pwani ya jimbo lile, na Northampton iko upande wa magharibi, karibu na mto Connecticut. Lakini katika viwanda vya Massachusetts vya siku zile waliosimama mbele ya mitambo ya kufumia walikuwa wengi wao wasichana, na pamba waliyoifuma ilikuwa imelimwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Kwa hiyo tunapofungua kitabu cha nguo za wanawake wa nchi ile, twafungua sanduku lenye ujamaa na la kwetu. Jambo hili tutalirudia, maana ndipo lilipo shaka letu moja.

Chuo chenyewe ni cha wanawake. Kiliwekwa kwa mali iliyoachwa kwa wasia na Bibi Sophia Smith, aliyekufa mwaka 1870. Kikapata hati yake mwaka 1871, na mwaka 1875 kikafungua milango kwa wanafunzi 14. Bibi Kiki Smith alifika kufundisha huko katika miaka ya 1970, akakuta katika ghala la mavazi ya kuigizia, katikati ya nguo za mchezo, nguo za kweli za zamani. Kila mtu aliyewahi kufundisha watoto kuigiza ajua jinsi zinavyofika. Mtu amefiwa na bibi yake, afungua sanduku, aona magauni ambayo hawezi kuyavaa wala hana moyo wa kuyatupa, basi ayapeleka shuleni: "Yatawafaa katika mchezo." Na kweli yafaa. Hukatwa, hupunguzwa, hutiwa rangi, huvaliwa na watu wenye jasho la hofu, mpaka yararuke. Bibi Smith aliyatenga yasiguswe na mkasi, akaendelea kupokea mengine, na baada ya miaka arobaini na zaidi akiba imepita vitu 3,000, magauni na viatu na kofia na mifuko, vilivyokaa muda mrefu katika nafasi ya chini ya nyumba ya michezo na si katika jumba la makumbusho.

Lakini yapo majumba yenye nguo nyingi kuliko hizo. Katika mji wa New York peke yake liko jumba la chuo cha ufundi wa mavazi, FIT, lenye vitu zaidi ya 50,000. Iko na idara ya mavazi ya Metropolitan Museum, iliyounganishwa na jumba lile mwaka 1946. Mahali kama hapo heshima kubwa hupewa kazi ya mafundi mashuhuri, nguo za karamu na za watu wenye mali. Sifa ya akiba ya Smith ni kinyume cha hiyo. Bibi Smith alitafuta nguo za mwanamke wa kawaida: gauni la kufulia na kupikia, sare ya kazi, koti la kwendea ofisini, nguo ya msichana wa shule. Katika maonyesho ya New York lilikuwako gauni la nyumbani la miaka ya dhiki ya 1930, lililochakaa kwa kuvaliwa. Lilikuwako pia gauni fupi mno la mwanafunzi wa chuo, lenye rangi za kuumiza macho. Zote mbili zilipewa nafasi na heshima ambayo mahali pengine hupewa hariri ya malkia.

Hapo twampa mtungaji mkono wetu wote miwili. Maana kuna sheria moja ya ajabu katika mambo ya nguo, nayo ni hii, kwamba ile iliyovaliwa sana ndiyo isiyobaki. Gauni la arusi huvaliwa siku moja, hukunjwa, huwekwa, hudumu miaka mia. Nguo ya kazi huvaliwa mpaka viwiko vitoke; hutiwa kiraka; hukatwa ikawa nguo ya mtoto; mtoto akikua huwa kitambaa cha kupangusia vyungu; mwisho huwa utambi, au hutupwa. Merikani iliyovikwa maelfu ya watu kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji imebaki kiasi gani? Kanzu ya hariri ya mtu mkubwa mtaiona katika kabati la vioo. Shuka la mpagazi hamtaliona, kwa kuwa alilivaa likaisha, au alizikwa nalo. Basi mtu akikusanya nguo bila kufikiri, akipokea tu kilichobaki, atakuwa amekusanya sikukuu bila siku za kazi, na mwanafunzi wake atadhani ya kuwa watu wa kale walikuwa katika karamu daima. Bibi Smith alifikiri. Alipokea gauni lenye doa, akaliacha doa. Alitazama mahali mshono ulipofunguliwa ukaongezwa kitambaa, akasoma hapo kwamba mwenye gauni alikuwa na mimba, au alinenepa, au gauni lilipita kwa mdogo wake. Namna hii ya kusoma nguo kama mtu asomavyo waraka ndiyo thamani kubwa ya kitabu, na walimu wa historia wangefaa kuijifunza.

Sasa kuhusu kuhifadhi. Kitabu chenyewe, kikiwa ni cha kuonyesha, hakikawii sana katika jambo hili. Sisi tutakawia, kwa sababu twajua kwamba katika shule zetu nyingi yamo masanduku, na wenye masanduku hawajui adui zao.

Adui wa kwanza ni nuru. Watu wengi huogopa nondo na mchwa, nao wana haki, lakini nondo huzuilika na hasara yake huonekana. Nuru huiba taratibu, na ilichokiiba hakirudi. Rangi ikifa imekufa. Uzi nao hudhoofika, hasa uzi wa hariri. Watunzaji wa makumbusho hupima nuru kwa kipimo kiitwacho luksi, na kwa nguo hawapendi kupita luksi 50, ambayo ni kama giza la chumba chenye taa ndogo. Tena hata nuru hiyo ndogo hujumlishwa siku hata siku, kama deni, na ndiyo sababu nguo nzuri huonyeshwa miezi michache kisha hurudishwa gizani miaka kadhaa. Watazamaji hunung'unika kwamba hawaoni vema. Na wanung'unike.

Twaandika haya kwa uchungu wa kosa letu wenyewe. Katika shule moja tuliyofundisha zilikuwako kanzu mbili za wanafunzi wa kwanza, na kaniki ya mama aliyewapikia. Siku ya kumbukumbu ya shule ilipokaribia tulizitoa sandukuni, tukazitundika ukutani kwa pini, zikielekea dirisha la mashariki, ili wageni wazione vizuri. Wageni waliziona, wakasifu. Sikukuu ikapita, nasi tukaziacha, maana ukuta ulipendeza. Tulipokuja kuzishusha baada ya miezi mingi, kaniki, ambayo weusi wake ulikuwa na samawati ndani yake kama usiku, upande wa dirishani ilikuwa na rangi ya majivu, na pini zimeacha alama nne za kutu ambazo hazikutoka. Hakuna mwizi aliyeingia. Sisi ndio tuliofanya.

Adui wa pili ni unyevu, na wa tatu ni wadudu, nao hao wawili hutembea pamoja. Watunzaji hupenda hewa isiyobadilika sana, yenye unyevu wa kadiri ya nusu, yaani asilimia 50 au karibu yake. Kwetu pwani nani atapata hiyo wakati wa masika? Walakini sanduku lililoinuliwa juu ya sakafu, chumba kinachopitisha hewa, na kufungua kutazama mara kwa mara, hufanya kazi nyingi bila mashine. Nondo mwenyewe hali nguo. Wanaokula ni viwavi vyake, navyo hupenda sufu, hariri na manyoya, hasa palipo na jasho au mafuta ya chakula. Pamba safi hawaitaki sana. Pamba adui yake ni ukungu na mchwa. Dawa za kunuka zitiwazo sandukuni si nzuri kwa mapafu ya mtu, na siku hizi majumba makubwa hufunga nguo katika mfuko wa plastiki na kuigandisha kwa baridi kali kwa siku kadhaa, mdudu akafa na nguo ikawa salama.

Kisha uko ugonjwa ambao hautoki nje ila umo katika nguo yenyewe. Hariri nyingi za mwisho wa karne ya 19 zilitiwa chumvi za madini, hasa za bati, na wenye viwanda, ili ziwe nzito na kuanguka vizuri mwilini. Mnunuzi alifurahi. Leo hariri ile hupasuka mistari mistari hata ikiwa imelala gizani bila kuguswa, wala hapana dawa ya kuirudisha. Gauni la pamba la mtumishi, lililogharimu senti chache, liko zima. Gauni la bibi yake limekuwa unga. Tungependa mtungaji angekaa zaidi hapa, maana hakuna mfano bora wa kazi yake.

Mtu akiisha kuhifadhi, aonyesheje? Lugha yetu ina maneno mawili yanayotusaidia. Nguo ni nguo hata ikiwa jora dukani. Vazi ni nguo iliyokwisha kupata mwili. Vazi latoka katika kuvaa. Makumbusho hupokea vazi, na kwa kazi ya kulihifadhi hulirudisha kuwa nguo: hulilaza katika sanduku, hulijaza karatasi laini isiyo na asidi mahali pa mikunjo, hulipa namba. Siku ya maonyesho hutaka liwe vazi tena, basi hutafuta sanamu ya kulivalisha. Hapo huja taabu, maana mwili wa mwanamke aliyekaza kiuno chake mwaka 1890 si mwili wa sanamu ya dukani. Gauni lisilazimishwe kuingia; sanamu ndiyo ipunguzwe, kisha ijazwe pamba kidogo kidogo mpaka ilingane na gauni. Kazi hiyo huchukua siku nyingi kwa gauni moja. Katika picha za kitabu magauni yamesimama vizuri, yana mabega na viuno vya watu mbalimbali, wembamba na wanene, wala hayakufanywa yote kuwa ya msichana mmoja mrembo. Hii nayo ni kweli, na twaisifu.

Wengine husema, kwa nini asivae mtu hai? Mwaka 2022 mwigizaji mmoja wa televisheni wa Marekani, Kim Kardashian, alivaa katika karamu ya Metropolitan Museum gauni ambalo Marilyn Monroe alilivaa mwaka 1962 alipomwimbia Rais Kennedy. Kukawa na kelele nyingi, na kamati ya mavazi ya baraza la makumbusho ya dunia ikatangaza kwamba nguo za historia zisivaliwe na mtu yeyote, awe mashuhuri au asiwe. Twakubaliana nao. Jasho, kupumua, kuketi, kila kimoja huchukua sehemu yake.

Lakini kugusa si kuvaa. Bibi Smith ni mwalimu kabla ya kuwa mtunzaji, na akiba yake ni ya kufundishia. Wanafunzi hukaa mezani na gauni, hugeuza upindo, huhesabu mishono, hutazama bitana. Najua watunzaji wa majumba makubwa huumwa roho wasikiapo hayo. Sisi hatuumwi. Kioo humfundisha mtu kuona rangi na umbo, lakini hakimwambii uzito wa koti, wala ukali wa kola shingoni, wala kwamba mfuko wa gauni la mwanamke ulikuwa mdogo hata haukuingia vidole vinne. Mikono iwe imeoshwa na kukaushwa, pete zivuliwe, kalamu za wino ziachwe mlangoni, na nguo zilizo dhaifu zisitolewe. Baada ya hayo wanafunzi waguse. Nguo itapungukiwa na siku chache za umri wake. Chuo kisichokubali hasara hiyo kingeziacha nguo zake kwa makumbusho.

Sasa twafika kwenye shaka zetu. Ya kwanza ni hii, kwamba nguo ya kila siku yahitaji ushuhuda kuliko nguo ya fahari, nayo aghalabu ndiyo ifikayo bila ushuhuda. Gauni la fundi mashuhuri wa Paris lina jina la fundi limeshonwa ndani ya shingo. Tarehe yake hupatikana katika magazeti ya mwaka ule. Hata likipotewa na mwenyewe, halikupotea lote. Gauni la mwanamke aliyejishonea jikoni halina ila alichokumbuka yeye, au bintiye. Likipokewa bila maneno hayo, tuna madoa na viraka, na akili ya mtungaji inayoyasoma, na akili hiyo ingawa ni kali hukisia. "Yaonekana alikuwa mnene kidogo," "labda alipika sana." Labda. Binti yake angejua. Nguo iliyotoka katika sanduku la michezo mara nyingi haina jina la mwenyewe, wala hilo si kosa la Bibi Smith. Lakini kwa zile zilizopokewa baadaye kutoka mikononi mwa watu wenye midomo, tungependa kuona maneno yao mengi zaidi katika kitabu, kwa lugha yao wenyewe, hata kama si fasaha. Akiba hiyohiyo ina sare ya skauti wa kike aliyoivaa mshairi Sylvia Plath alipokuwa mtoto, na kwa sababu alikuwa yeye, habari zake zote zajulikana, na watu huisimamia na kuitazama. Sare ya msichana wa pili aliyesimama naye mstarini ingetufundisha mambo yaleyale, kama mtu angeuliza.

Wapenzi wa kanga wataona upesi tunakokwenda. Kanga ina mji, ina pindo, ina jina. Na jina ndilo lile neno lililoandikwa juu yake. Watu wa nje hufurahi wakidhani kwamba nguo hii basi yajieleza yenyewe, haihitaji kibao. Si hivyo. Tuseme kanga imeandikwa "Wema hauozi." Makumbusho itaifasiri kwa Kiingereza, na mtazamaji ataona ni mafundisho mazuri ya adabu. Kumbe huenda ilinunuliwa na mke mkubwa, ikavaliwa siku mke mdogo alipokuja kuomba msamaha, ikapitishwa mbele yake mara tatu kutoka jikoni mpaka ukumbini. Au mama alimpelekea mwanawe aliye mbali amesahau kwao. Neno ni moja, ujumbe ni mwingine, na ujumbe haumo katika pamba. Nani aliinunua, siku gani, kwa ajili ya macho ya nani: asipoandika mtu haya, kanga imehifadhiwa nusu. Ikiwa nguo yenye maneno ni hivyo, je, gauni lisilo na neno hata moja?

Shaka ya pili ni juu ya wasiokuwamo. Chuo hupokea nguo kutoka kwa watu wanaokijua chuo. Wanaokijua zaidi ni waliosoma huko, na mabinti na wajukuu zao, yaani watu wenye dari la kuwekea sanduku. Bibi Smith amejitahidi kuvuka mpaka huo, amenunua na kuomba, na gauni lile la miaka ya 1930 ni ushahidi. Lakini msichana wa kiwandani aliyefuma merikani mwaka 1850, na mwanamke mtumwa aliyechuma pamba yake, hao sheria ya nguo imewafuta mara mbili, kwanza kwa kazi na pili kwa umaskini. Hatumlaumu mtungaji kwa kutokuonyesha kisichokuwapo. Twamlaumu kidogo kwamba jina la kitabu chake laahidi maisha ya kweli ya wanawake kana kwamba ni wote. Mahali patupu katika kabati, penye kibao kisemacho ni nguo ya nani ingalikuwa hapa na kwa nini haipo, pangekuwa na haki ya kuonyeshwa kama gauni lolote.

Picha za kitabu ni safi sana. Pengine ni safi mno. Katika kurasa kadhaa tungebadilisha picha moja ya gauni zima kwa picha mbili za kiwiko chake.

Yatupasa kusema neno juu ya sisi wenyewe, maana ni rahisi kuhukumu sanduku la mwenzio. Katika shule na vyuo vya nchi zetu zimo sare za zamani, kanzu, kofia za lihamu, kaniki, vikoi, kanga za arusi za kisutu, na wenye kuzivaa wako hai bado au watoto wao wako hai. Majina ya nguo yanapotea hata kabla ya nguo: kijana gani leo ajua debwani ni nini, au barsati, au kitambi, ambazo wafanya biashara wa misafara walizitaja kila siku? Tunaomba wasomaji walio na wazee wamwulize kila mmoja nguo alizovaa zamani ziliitwaje, zilipimwaje, zilifungwaje mwilini, nani aliruhusiwa kuzivaa na nani hakuruhusiwa, wakaandike maneno kama yalivyosemwa, bila kuyasafisha, wakamletee mhariri.

Sisi tumeanza na ile kaniki tuliyoiharibu. Mama mwenyewe amekwisha kufa, lakini binti yake, ambaye sasa ni bibi wa wajukuu wengi, alikubali kuja kuitazama. Hakutazama kabisa upande uliofifia. Aliigeuza mikononi mwake mpaka akapata pembe moja iliyochakaa kuliko nyingine tatu, uzi wake umevutika, akatuonyesha kwa kidole. "Hapa, Mwalimu," akasema, "ndipo mama alipokuwa akifundika pesa zake." Tumeliandika, na karatasi tumeiweka sandukuni pamoja na nguo.